Mashine Mbili za Bi Zuhura

Wenzangu wa bandani, tangu nirudi hakuna aliyeniletea pikipiki akaondoka bila kuuliza habari za ziwani. Nikianza kusimulia mkono unasimama, na pikipiki ya mtu inalala hapa hapa. Basi nimeandika. Atakayetaka kujua asome, kisha aniache nikaze nati zake. Na yule anayevumisha kwamba nililia ndani ya mtumbwi, habari yake ataikuta humu humu. Yalikuwa maji ya mawimbi, ingawa sitaapa.

Kwa wasiomjua, shemeji yangu Edisoni, mume wa dada yangu Skola, anakaa Ilagala. Ana mtumbwi wa mbao wenye tanga la turubai, na kwa huo anapeleka mawese na unga wa muhogo Ujiji. Kiangazi hiki upepo ulimkatikia katikati ya njia. Alikaa juu ya maji kutwa nzima, anapiga kasia mpaka mabega yakagoma, na Skola amesimama ufukweni akitazama mahali pasipo na kitu. Alipofika, dada alimwambia: "Tafuta mashine. Na siku ya kwanza ukija nayo, ufike mchana. Usipofika, mtumbwi tunauza, tunapanda Kalinzi kulima kahawa kwa kaka."

Edisoni alime kahawa! Mtu ambaye akikaa kwetu siku tatu bila kuona maji anaanza kuumwa kichwa. Akanipigia simu: "Shemeji, wewe ndiye fundi. Njoo unichagulie." Nikavimba kichwa hapo hapo.

Kalinzi hadi Kigoma

Niliteremka kwa pikipiki asubuhi, begani mfuko wa spana, mguuni mabuti yangu ya mpira, na kilo mbili za kahawa ya kumpelekea dada. Ziwa tunaliona kutoka kwetu, mnajua, hewa ikiwa safi. Tunaliona kila siku na hatuliangalii. Mimi nimekwenda Kigoma kununua vipuri miaka yote hii, na Ilagala nimefika mara mbili kwa gari, lakini ndani ya chombo cha maji sijawahi kutia hata kidole. Ziwa lilikuwa jirani wa kusalimiana tu.

Safari hii niliposhuka ile kona ya mwisho kabla ya mji nilisimamisha pikipiki. Nilijiambia nitasafiri humo juu ya mbao. Likawa kubwa ghafla. Ng'ambo milima ya Kongo ilionekana kwa mbali, mingine haionekani kabisa, na kati yetu na ile milima hapakuwa na kitu cha kushika. Nilikaa pale mpaka mama mmoja muuza ndizi akaniuliza kama pikipiki imeharibika.

Bangwe hadi Ujiji

Edisoni nilimkuta Bangwe, ambako mtumbwi wake ulikuwa ukipigwa kalafati, yaani kuzibwa mianya ya mbao kwa pamba na mafuta. Alinikumbatia, akanitazama miguuni, akacheka mpaka akaketi mchangani.

"Shemeji, vua hayo mabuti."

"Si kuna maji ndani ya mtumbwi? Nitalowa."

"Kulowa si kitu. Ukianguka nayo yatajaa maji, na hapo hata mimi sitakufuata. Vua."

Nikavua. Kutoka Bangwe kwenda Ujiji si mbali, na upepo ulikuwa mdogo, lakini kwangu ilikuwa safari ya mbinguni. Hakuna injini, hakuna moshi, na mbao zinakwenda. Mimi riziki yangu ni kelele. Sikujua kama kitu kinaweza kwenda namna ile bila kuunguza chochote. Nikainama kutazama chini, na maji yalikuwa meupe kiasi kwamba niliona mawe yote, na samaki wadogo wenye mistari wakizunguka mawe yao.

Katika kuinama spana yangu namba kumi ikachomoka mfukoni. Ninyi mnajua namba kumi ilivyo, ndiyo hiyo hiyo inayopotea kila siku. Lakini hii sikuipoteza, niliiona. Tulikuwa tumepita mawe, chini pamekuwa bluu, na ile spana ikashuka taratibu, inameta, inageuka, inameta tena. Nilihesabu mpaka hesabu ikanishinda. Ilikuwa bado inashuka na bado naiona, ndogo kama punje, kisha bluu ikaimeza.

"Imefika chini?" nikauliza.

Edisoni akatikisa kichwa. "Bado inakwenda hiyo. Usiku itakuwa imefika labda."

Alikuwa akinitania, lakini nywele zilinisimama. Nilikaa katikati ya mtumbwi, nikashika mbao kwa mikono miwili, sikuinama tena.

Ujiji, kwa Bi Zuhura

Bi Zuhura ni mama wa makamo mwenye duka la mashine za boti, na wavuvi wote wanamwamkia kabla hawajatazama bidhaa. Nikamwamkia na mimi. "Marahaba mwanangu," akasema, akatuletea migebuka ya kuchoma na ugali wa muhogo kabla hata ya kuuliza shida yetu. Samaki wale walitoka majini asubuhi hiyo. Nilikula wawili, nikaongezewa wa tatu, na sikuona haya.

Kisha akatuonyesha mashine mbili zilizotumika, zimefungwa kwenye ubao. Ya kwanza tu-stroki, ndogo, rangi imechubuka. Ya pili foo-stroki, safi, nzito. Kwa wale wenye pikipiki tu na hawajui tofauti: tu-stroki hunywa petroli iliyochanganywa na oili, inatoa moshi na kelele. Foo-stroki hunywa petroli tupu, oili yake inakaa tumboni mwake peke yake, nayo inakwenda kwa adabu na hainywi sana. Pikipiki zenu zote ni foo-stroki. Mimi tu-stroki nimeziona kwenye misumeno ya kukatia miti, na sizipendi.

Bi Zuhura akaziwasha zote mbili kwenye pipa la maji. Tu-stroki ilinguruma hadi kuku wakakimbia. Foo-stroki ilivutwa kamba mara moja ikawaka, na ilivuma chini kwa chini hata tukaendelea kuzungumza. Moyo wangu ukaenda moja kwa moja.

"Hii," nikasema. "Haina hata mjadala."

Edisoni aliinyanyua kidogo, akaguna. "Nzito nyuma, shemeji. Mtumbwi wa tanga ukikalia mkia hauendi."

"Tutaweka mzigo mbele."

Bi Zuhura alikuwa ananitazama mimi. "Huyu mwenye mtumbwi ana mke?"

"Anaye. Ni dada yangu."

"Nyumba yao iko karibu na maji?"

Nikaona mama huyu anaanza umbea. Nikajibu kwa mkato kwamba iko karibu, na nikamuuliza habari za plagi. Akatabasamu, akasema kwake mashine hujaribiwa kwa safari moja kabla ya kupeana mkono. "Nendeni nayo Ilagala. Ikiwapendeza ni yenu. Hii nyingine haiendi popote, nitaiweka." Hata hapo sikusikia alichokuwa akiniambia. Mtu akishajua, hasikii.

Ujiji hadi kwa Mama Keza

Tulilala Ujiji, tukaondoka kesho yake saa moja asubuhi. Dumu moja la petroli tupu lilitosha, kwa hesabu zangu, na likabaki. Edisoni alitaka mawili. Nikamwambia uzuri wa foo-stroki ni huo huo, mawili ya nini? Simu yake alikuwa amemwachia Skola, kwa kuwa wanayo hiyo moja tu, na yangu ilikuwa imejaa chaji. Nikampigia dada: "Mchana tuko hapo. Utashangaa mashine, haina kelele kabisa!" Yeye akasema tu, "Haya kaka."

Sasa nikiri kosa langu la kwanza. Mashine ikivuma taratibu, mtumbwi ukikata maji, milima upande wa kushoto na maji upande wa kulia mpaka mwisho wa macho, nilitoa simu nikaanza kupiga video. Nilipiga mawingu. Nilipiga ndege. Nilipiga maji matupu, kwa muda mrefu. Nilikuwa nataka mwone. Simu ikazima kabla ya saa nne, na zile video mmeziona, hakuna kitu ndani yake, bluu tu na sauti yangu ikisema "jamani."

Kosa la pili ni la dumu. Upepo wa kusini ulianza kutupiga usoni, mawimbi yakaja moja baada ya jingine, na kwa uzito ule wa nyuma mtumbwi uliinua pua kila wimbi, maji yanaingia kwa nyuma. Mashine ikafanya kazi mara mbili ya nilivyodhani. Edisoni aliteka maji kwa kopo na kuyamwaga, akateka na kuyamwaga. Ilipokaribia saa tano nilitikisa dumu na sikusikia kitu.

Tukaingia kijiji kidogo chenye mitumbwi mingi ufukweni. Wauza mafuta walikuwepo, nikashukuru Mungu. Tukaelekezwa kwa Mama Keza, ambaye wazazi wake walitoka Burundi na yeye kazaliwa huku. Alikuwa na madumu kibarazani, chupa zimepangwa mezani.

"Mwakeye, Mama," nikamwamkia kwa lugha yao. "Petroli ipo?"

"Ipo, karibu sana."

Nikainua chupa juani. Rangi haikuwa yenyewe. Nikanusa, ilikuwa na oili. Nikachukua nyingine, vilevile. Nikasema kwa sauti yangu ya fundi: "Mama, hii imechanganywa. Mimi nataka safi."

Nyinyi mnajua kwetu ukimwambia muuza petroli hivyo umemwita mwizi. Alishika kiuno. "Safi? Mimi nauza uchafu? Yo! Njooni mumsikie huyu mgeni!" Wakaja, na walikuja wengi. Akaleta kopo lake la kupimia, akalitikisa mbele ya uso wangu. "Oili natia kwa mkono wangu, kopo hili, kila dumu, oili nzuri! Muulize mtu yeyote hapa kama mashine yake imekufa kwa mafuta ya Mama Keza!"

"Haijafa hata moja," watu wakasema.

"Ndiyo shida yenyewe, Mama," nikasema. "Mimi nataka isiyo na oili."

Mzee mmoja akauliza kwa upole, "Isiyo na oili ya nini, baba? Ya kuua mashine?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Ufuko wote ule mashine ni tu-stroki. Mama Keza akishusha tu petroli anaichanganya, kwa maana nani angeitaka ikiwa tupu, na mtoto akitumwa akakosea si ataua mashine ya watu? Jirani yake anafanya hivyo hivyo, na wa kijiji kinachofuata pia. Nilikuwa nimekwenda na mnyama ambaye huko hakuna majani anayokula. Nikawaeleza, wakaelewa, na wakacheka vizuri sana, mimi nikiwa katikati. Tulizunguka kijiji kizima saa nzima na zaidi tukitafuta petroli tupu. Hakuna.

Mama Keza hakuweka kinyongo. Alitupa mihogo ya kuchemsha na dagaa kwenye mawese, na wakati wa kuondoka akaleta dumu dogo la yale yale mafuta yake. "Chukueni."

"Oya, hapana Mama, haiwezekani, itachafua plagi," nikasema.

Edisoni alilipokea, akashukuru, akalisukuma chini ya ubao wa kukalia.

Mdomo wa Malagarasi

Mchana tuliokuwa tumemwahidi dada ulipita tukiwa bado kwa Mama Keza. Edisoni akatandaza tanga. Upepo ulikuwa umegeuka, sasa unatoka ziwani kuja nchi kavu, na hapo nilimwona shemeji kwa mara ya kwanza. Kwetu ni mtu mpole anayekaa pembeni. Pale alikuwa na kamba mkono mmoja, kasia mwingine, anausikia upepo kwa shavu kabla haujafika. Alijua wapi pana mwamba chini, wapi maji yanavuta, na yote hayo hayajaandikwa popote. Nilimtazama kwa mshangao ule ule niliotazamia ziwa. Nikawaza, huyu ndiye tutampa jembe? Niliona aibu kwa hesabu zangu za dumu.

Karibu na mdomo wa Malagarasi maji yakabadilika. Bluu ikaisha kwa mstari, ikaanza rangi ya udongo, mto mzima ukijimwaga ziwani na vipande vya majani na magogo. Sijawahi kuona kitu kama kile. Mto wote ule, tunaoulalamikia ukifurika, unaingia pale na ziwa halishtuki. Na hapo hapo, upepo ukakatika.

Tanga likalala. Mkondo ukatushika, ukaanza kutusukuma nje, mbali na nchi, polepole, bila hasira. Tulipiga kasia wawili. Miti ya ufukweni ikawa midogo. Nilimtazama Edisoni, naye usoni nikaona anaikumbuka siku ile aliyokaa kutwa juu ya maji.

"Shemeji," akasema, "lile dumu."

Foo-stroki ikinywa mafuta yenye oili haifi siku hiyo. Inaugua. Nilijua, na nililijua hilo tangu kibarazani kwa Mama Keza, ila kiburi kilinizuia hata kulibeba. Nikamimina. Nikavuta kamba, ikakohoa. Nikavuta tena na tena, maji ya mawimbi usoni, ikawaka ikitoa moshi mweupe, inakatakata, lakini inasukuma. Tukakata mkondo kwa ubavu. Miti ikaanza kuwa mikubwa tena. Ilipozimika kabisa, plagi nyeusi tii, tulikuwa tumeshaingia maji tulivu na nyumba za Ilagala zinaonekana. Tukamalizia kwa makasia.

Ilagala

Ilikuwa saa kumi na moja. Ufukweni palikuwa na mitumbwi na boti zote za siku hiyo, zimeshafungwa. Skola hakuwepo. Tulimkuta nyuma ya nyumba, ameipa maji mgongo, moto umezimika jikoni, na sufuria imefunikwa kifudifudi. Edisoni akamwita kwa jina. Aligeuka, akatutazama wote wawili, akakaa chini palepale.

Akasema, "Kesho tunapanda Kalinzi."

Edisoni akainamisha kichwa. Mimi ndiye niliyesema: dumu ni langu, mashine ni chaguo langu, simu niliimaliza mimi, ziwa halina kosa na mumeo hana kosa, angekuwa peke yake na tanga lake angekuwa amefika.

"Kaka, mimi sikuuliza nani mwenye kosa." Alifuta uso kwa kanga. "Unajua sisi hapa tunaishije? Kila mwanamke anaijua mashine ya mumewe. Inalia bado iko mbali huko, mwenyewe anasema huyo wangu, anainjika maji ya ugali. Baba akifika na chakula kimefika. Mimi mume wangu wa tanga sijawahi kumsikia. Miaka yote nainjika kwa kubahatisha. Leo nikasema, leo na mimi nitasikia. Nimesimama tangu saa sita. Imelia ya jirani, akaingia ndani. Imelia nyingine, mwenzangu akaenda. Zimelia zote, nikabaki mimi. Yenu haikulia."

Na mimi ndiye niliyempigia simu kujisifu kwamba haina kelele.

Asubuhi nikamwomba safari moja, moja tu, mashine nyingine. Alinikorogea uji, akaniwekea mbele, akasema: "Ikilia nitasikia. Isipolia, kaka, tafuta shamba."

Kupanda tena

Tulirudi Ujiji kwa tanga, upepo wa kusini ukitusukuma mgongoni, ile foo-stroki imelala sakafuni kama mgonjwa. Niliisafisha plagi, nikabadilisha mafuta, nikamkabidhi Bi Zuhura ilivyokuwa. Ni mashine nzuri, na kwa mtu wa mjini anayepata petroli tupu kila siku bado ningemshauri aichukue. Mama alikuwa ameshaifuta vumbi ile tu-stroki.

"Nilikuuliza kama ana mke," akasema.

"Uliniuliza, Bibi. Nisamehe."

Tulilala hapo, na kesho yake saa moja asubuhi Edisoni aliifunga kwenye mtumbwi, nyepesi, mtumbwi ukakaa sawa. Akavuta kamba, kuku wa Bi Zuhura wakakimbia tena, na mimi nikabaki ufukweni na mabuti yangu mkononi nikimtazama akiondoka peke yake. Muda mrefu baada ya mtumbwi kuwa nukta, bado nilikuwa naisikia.

Niliifuata pikipiki yangu Bangwe, nikapanda Kalinzi siku hiyo hiyo. Mchana, saa saba hivi, nikiwa hapa bandani na pikipiki ya mmoja wenu imefunguliwa tumbo, simu ikaita. Ilikuwa namba ya dada. Hakunisalimia.

"Kaka, nyamaza usikilize."

Akaitoa simu nje. Nilisikia upepo, nikasikia watoto, kisha chini kabisa, mbali, ile kelele niliyoidharau, inakuja, inaongezeka. Niliwanyamazisha wote mliokuwepo, mkadhani kuna msiba. Nilitaka kumwambia maneno mengi, kuhusu mto na ziwa na spana yangu ambayo huenda bado inashuka.

"Ni yeye," akasema Skola. "Kata simu kaka, nainjika maji."